Nyumba za Wagonjwa wa Akili: Mwanzo Wake toka Gent hata Ndera, Bukavu na Goma

Kila parokia ina watu wake wanaoitwa wenye wazimu. Wakatekista wanawajua kwa majina. Watoto wanawatupia mawe, wakubwa wanawacheka ao wanawaogopa, na usiku hakuna anayejua wanalala wapi. Anayekaa Goma anawaona vile vile kule Kituku, kando ya Ziwa Kivu, fasi mashua na mitumbwi inapofika na mama wanapouza samaki na ndizi.

Jamaa wakishindwa na mgonjwa wao, wanajiuliza: Tumpeleke wapi? Mmoja anajibu: Kwa mfumu. Wa pili anajibu: Katika chumba cha sala, akafungwe minyororo mpaka pepo amtoke. Wa tatu anajibu: Kwa Mafrere, katika nyumba ya Tulizo Letu.

Jibu la kwanza ni la zamani sana. La pili limeenea mno katika miji yetu. La tatu ni la siku chache tu katika nchi zetu, na wengi hawajui lilitoka wapi. Kwa hiyo tumeona vema kueleza historia yake. Hatutaki kusifu tu kazi ya watawa. Tunataka kujibu swali moja: Ni nani aliyeanza kuwafungulia wagonjwa hawa minyororo, na kwa sababu gani? Atakayeshika jibu la swali hili atajua pia kazi yake mwenyewe ni nini, ikiwa ni padri, ao mseminari, ao mkatekista wa kijiji.

1. MAMBO YA ULAYA YA ZAMANI

Watu wengi wanafikiri kwamba Wazungu walikuwa na hopitali nzuri za wazimu tangu awali. Sivyo hata kidogo. Kwa miaka mamia na mamia mwenye wazimu wa Ulaya alifungwa gerezani pamoja na wezi, ao katika vyumba vya chini ya ardhi, ao alitembea ovyo njiani. Palipokuwa na hopitali, mara nyingi dawa yake ilikuwa fimbo.

Tunalo shuhuda kubwa, ndiye Mtakatifu Yoane wa Mungu. Alizaliwa Ureno mwaka 1495, akafanya kazi ya uchungaji, ya uaskari na ya kuuza vitabu. Katika mji wa Granada, nchi ya Uispania, alisikia mahubiri yaliyomchoma moyo, akaanza kulia na kupiga kelele njiani. Watu walisema: Ana wazimu. Wakamfunga katika hopitali ya mfalme, wakampiga viboko, kwa kuwa viboko ndivyo vilivyohesabiwa kuwa dawa. Alipotoka alianzisha nyumba yake mwenyewe ya kuwatunza maskini na wagonjwa, akafa mwaka 1550. Shirika lililotoka kwake linaendelea hata leo kutunza wagonjwa wa akili katika nchi nyingi. Basi, mmoja wa watu wa kwanza waliobadili namna ya kuwatunza alikuwa ameonja viboko vile mgongoni mwake.

Kulikuwa na fasi moja ya namna nyingine, nayo ni Geel, katika Ubelgiji. Pale pana kanisa la Mtakatifu Dymphna, ambaye wakristu walimwomba kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Mahujaji walileta wagonjwa wao, na nyumba ya kando ya kanisa ikajaa. Wenyeji wa Geel wakawapokea wageni hao nyumbani mwao. Mgonjwa alikula mezani pamoja na jamaa, alichota maji, alilima, alilea watoto. Desturi hii ilianza katika miaka ya kati, na haijafa hata leo. Hakuna munganga aliyeibuni. Ni wakulima walioianzisha, kwa imani na kwa ukarimu. Tuikumbuke Geel, maana tutairudia.

Kiisha tufike Paris. Vitabu vingi vinamsifu munganga Philippe Pinel, aliyewekwa mwaka 1793 katika hopitali ya Bicêtre. Ni kweli, alikuwa mtu mkubwa. Lakini kule Bicêtre alimkuta mlinzi mmoja, jina lake Jean-Baptiste Pussin. Pussin hakusoma uganga. Aliingia Bicêtre kwanza yeye mwenyewe kama mgonjwa, akapona, akapewa kazi ya ulinzi. Alikataza walinzi wenzake kuwapiga wagonjwa, na mwaka 1797 ndiye aliyeondoa minyororo katika Bicêtre. Pinel mwenyewe aliandika kwamba alijifunza mengi kwake. Mlinzi alitangulia, munganga akafuata.

2. CHUMBA CHA CHINI CHA GENT

Sasa tuje kwa asili ya nyumba zetu wenyewe. Katika mji wa Gent, Ubelgiji, kuna ngome ya zamani ya mawe, iliyojengwa katika karne ya 13. Inaitwa ngome ya Gerard Shetani. Chini yake mna chumba kikubwa chenye nguzo nzito na giza. Humo mji ulifungia wanaume wenye wazimu. Walikaa katika baridi na unyevu, wengi kwa minyororo.

Kanoniko Petrus Jozef Triest alikuwa padri wa Gent. Alizaliwa Brussels mwaka 1760, wakati wa mapinduzi alijificha kama mapadri wengi, na mwaka 1803 alianzisha shirika la Masista wa Mapendo. Tarehe 28 Desemba 1807 alianzisha shirika la wanaume, Mafrere wa Mapendo, wanaoitwa kwa kifaransa Frères de la Charité. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutunza wazee maskini. Mwaka 1815 Triest aliwatuma katika chumba kile cha chini.

Tufikiri kidogo juu ya vijana hao. Hawakuwa waganga. Hawakuwa na dawa yo yote, maana dawa za wazimu hazikujulikana bado. Walikuwa na nini? Maji ya kuosha, nguo safi, chakula kwa saa yake, neno la upole, na sala. Walifungua minyororo, na mgonjwa mkali walimlinda kwa mikono yao.

Munganga alikuja nyuma. Jina lake Joseph Guislain, mtu wa Gent, aliyezaliwa mwaka 1797. Mwaka 1826 aliandika kitabu kikubwa juu ya magonjwa ya akili, na mwaka 1828 aliwekwa kuwa munganga mkubwa wa nyumba za wazimu za mji. Triest na Guislain walifanya kazi pamoja. Padri aliwapa Mafrere kanuni za roho, na munganga aliwafundisha kutazama: mgonjwa analala namna gani, anakula nini, ni lini ukali unaanza, ni lini unapungua. Guislain alifundisha kwamba mara nyingi wazimu unaanza katika maumivu ya moyo, na kwa hiyo hauwezi kutibiwa kwa maumivu mengine.

Triest alikufa mwaka 1836. Mwaka 1850 Ubelgiji ulitoa sheria ya kuangalia nyumba za wagonjwa wa akili, na Guislain alishiriki sana katika kuitayarisha. Mwaka 1857 hopitali mpya ilifunguliwa inje ya mji, yenye bustani, mwanga na fasi za kazi. Ilikuwa ya kwanza katika Ubelgiji kujengwa hasa kwa ajili ya wagonjwa hao. Toka chumba cha giza hata hopitali ile ilipita miaka 42. Tunaona wazi utaratibu wa mambo: kwanza huruma, kiisha elimu, kiisha sheria, na mwisho majengo. Siku hizi watu wengi wanataka kuanza na majengo.

3. AFRIKA YA MASHARIKI: LUTINDI NA NAIROBI

Katika nchi zetu za Afrika hadithi ilikwenda namna gani? Tutazame nyumba mbili, moja ya misioni na moja ya serikali.

Ya kwanza ni Lutindi, katika milima ya Usambara, Tanzania. Ilianzishwa mwaka 1896 na Waprotestanti wa Udachi kuwa nyumba ya watoto waliokombolewa katika utumwa. Biashara ya watumwa ilipokwisha, watoto walipungua. Lakini serikali ya Wadachi haikuwa na fasi ya kuweka wagonjwa wa akili. Basi katika miaka ya 1904 na 1905 Lutindi ilianza kuwapokea. Waliowatunza walikuwa madiakoni kutoka Bethel, misioni inayojulikana sana katika Udachi kwa kuwatunza wenye kifafa. Nyumba ya waliokombolewa minyororo ya utumwa ikawa nyumba ya waliofungwa minyororo ya namna nyingine. Inahesabiwa kuwa nyumba ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika Afrika ya Mashariki, na ingali ikifanya kazi. Wagonjwa wanalima na kuchuma majani ya chai, wanafanya kazi ya mikono kadiri ya nguvu zao.

Ya pili ni Mathari, katika Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1910 na serikali ya Waingereza. Majengo yake yalikuwa ya kutengea wagonjwa wa ndui. Tutazame vizuri jambo hili. Wagonjwa wa ndui wanatengwa kusudi wasiambukize wengine. Sasa wagonjwa wa akili waliwekwa katika fasi ileile, na kwa fikra ileile: kutenga. Wazungu, Wahindi na Waafrika walilala mbalimbali, kila taifa na upande wake. Mwafrika aliyeletwa pale mara nyingi aliletwa na polisi kwa sababu alisumbua mji, wala si kwa sababu jamaa yake ilimtafutia dawa. Mwaka 1924 nyumba ilipewa jina la Hopitali ya Mathari.

Serikali ya Waingereza ilijenga nyumba nyingine pia: Dodoma katika mwaka 1927, na Butabika karibu na Kampala katika mwaka 1955. Nyumba hizi zimebadilika sana nyuma ya uhuru, na leo zinafundisha waganga na wauguzi wengi. Lakini mwanzo wao ulikuwa ulinzi wa mji, na mwanzo wa namna hii unaacha alama kwa muda mrefu. Hata leo watu wa Nairobi wakitaja Mathari, wengi wanacheka ao wanaona haya.

4. KOSA KUBWA NA JIBU LAKE

Mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa kwa munganga John Colin Carothers, aliyekaa pale mpaka mwaka 1950. Alipoanza hakuwa amesomea hasa magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Dunia lilitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alisema kwamba Mwafrika mzima anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Kumbe! Aliwaona watu wafungwa na wagonjwa, walioletwa kwa nguvu, mbali na nyumbani, wasioweza kusema naye kwa lugha yao. Na kutoka kwa hao alihukumu watu wa bara zima. Kitabu hicho kilisomwa na wakubwa wengi wa serikali.

Jibu lilitoka Nigeria, na halikuwa neno tu bali tendo. Munganga Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria, alizaliwa mwaka 1923. Mwaka 1954 alianza kazi katika hopitali ya Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Hopitali ilikuwa haijamalizika kujengwa. Lambo hakungoja. Alipatana na wakubwa wa vijiji vya kando, na wenyeji wakawapangishia wagonjwa vyumba. Kila mgonjwa alikuja na mtu mmoja wa jamaa yake: mama, ndugu, ao shangazi. Mchana alipata dawa na kazi, jioni alirudi kijijini, akala chakula alichopikiwa na mtu wake.

Je, hatukumbuki Geel? Ni jambo lilelile, ila Lambo alilianzisha kwa sababu alijua desturi za watu wake. Mwafrika haugui peke yake. Na mganga mwingine, Mfaransa Henri Collomb, alifanya vilevile katika hopitali ya Fann, Dakar: aliruhusu mtu wa jamaa kukaa na mgonjwa. Katika Kongo hatuhitaji kueleza jambo hili sana. Kila hopitali yetu ina walinzi wa wagonjwa wanaopika uani na kulala chini ya kitanda. Kile tulichokiona kuwa umaskini wetu, waganga wa akili wamekiona kuwa dawa.

Ni lazima tuongeze habari ya dawa yenyewe. Mwaka 1952, katika hopitali ya Paris, waganga waligundua kwamba dawa inayoitwa Largactil inatuliza wagonjwa wakali. Mwaka 1958 katika Ubelgiji Paul Janssen na wenzake walipata nyingine, inayojulikana kwa jina la Haldol. Mbele ya dawa hizo wagonjwa wengi walikaa katika nyumba zile mpaka kufa. Nyuma yake wengi waliweza kurudi nyumbani. Kwa hiyo hopitali zilizoanza nyuma ya miaka hiyo zilianza na tumaini ambalo Guislain hakuwa nalo.

5. NDERA

Mafrere wa Mapendo walifika Kongo mwaka 1911. Kazi yao kubwa ilikuwa shule. Mwaka 1929 walifungua katika Rwanda shule kubwa ya Astrida, ambayo nyuma iliitwa Butare, iliyofundisha watoto wa machefu na wasaidizi wa serikali wa Rwanda na Burundi. Watu wengi waliwajua kuwa walimu tu, bila kujua kwamba Ulaya wao ni watu wa wagonjwa wa akili.

Katika Rwanda hapakuwa na nyumba ya wagonjwa hao hata nyuma ya uhuru wa mwaka 1962. Aliyeshindikana nyumbani alipelekwa gerezani. Mwaka 1968 serikali ya Rwanda na Mafrere walipatana kuanzisha hopitali juu ya kilima cha Ndera, upande wa mashariki wa Kigali, si mbali na uwanja wa ndege wa Kanombe. Mwaka 1972 wagonjwa wa kwanza walipokelewa. Juu ya kilima kilekile ipo seminari ndogo ya Mtakatifu Visenti. Waseminari wa pale wanasoma Kilatini karibu na ukuta wa nyumba ya wazimu, na tunafikiri ni jirani mwema kwa mtu atakayekuwa padri.

Mwaka uliofuata, 1973, Kinshasa nayo ilipata hopitali yake kubwa ya akili, juu ya kilima cha Mont-Amba cha Universite. Lakini kwa mtu wa Kivu, Kinshasa ni mbali kuliko inchi za jirani: zaidi ya kilometa 1500, wala hakuna barabara ya kupita. Kutoka Goma hata Kigali ni kilometa 160 hivi.

Ndera haikuwa hopitali ya wazimu peke yake. Ilipokea vile vile wenye kifafa, nao ni wengi. Hapa tuseme neno kwa wakatekista. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si pepo, si laana, wala hakiambukizi kwa mate ao kwa moshi. Mtoto akianguka motoni na wote wakakimbia wakiogopa kugusa povu lake, ataungua kwa sababu ya woga wetu, si kwa sababu ya kifafa. Kuna kidonge cha bei ndogo, kinachojulikana toka mwaka 1912, kinachoweza kuzuia mianguko kwa wagonjwa wengi wakikinywa kila siku bila kuacha.

6. MWAKA 1994, BUKAVU NA GOMA

Tufike sasa katika jambo la uchungu. Katika Aprili 1994, mauaji ya Watutsi yalipoanza Rwanda, watu wengi walikimbilia hopitali ya Ndera na seminari yake. Walifikiri kwamba hakuna atakayemwua mtu katika nyumba ya wagonjwa. Askari wa Ulaya walikuja kuchukua wageni Wazungu. Wakimbizi walibaki. Kiisha wauaji waliingia, wakaua wakimbizi, na wagonjwa pia. Leo pale pana kumbukumbu yao.

Hatuwezi kuandika historia ya hopitali hii na kuruka ukurasa huo. Watu waliohesabiwa kuwa na akili timamu waliingia katika nyumba ya wazimu, wakafanya kitendo ambacho hakuna mgonjwa ye yote wa Ndera aliyepata kukifanya. Toka siku ile neno wazimu haliwezi kusemwa kwa kicheko katika nchi zetu.

Ndera ilifunguliwa tena, na kazi yake iliongezeka. Wanyarwanda walipata neno jipya la kutaja ugonjwa wa waliookoka, guhahamuka, yaani kushtuka na kurudia kuona yale yaliyopita kana kwamba yanatendeka sasa hivi. Mafrere walifungua vituo vingine, kimoja Butare na kimoja Kigali kinachoitwa Icyizere, maana yake tumaini.

Katika Julai 1994 watu karibu milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma kwa siku chache tu. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Wagonjwa wa akili walikuwa katikati yao, na tena wale waliougua kwa sababu ya mambo waliyoyaona ao waliyoyatenda. Mwaka huo huo wa 1994, katika Bukavu, nyumba ya SOSAME ilianza, mikononi mwa Mafrere wa Mapendo. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya kifaransa yenye maana ya matunzo ya afya ya akili. Askofu mkuu wa Bukavu alikuwa Mgr Christophe Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996.

Goma nayo ilipata nyumba yake, Tulizo Letu, mikononi mwa Mafrere walewale. Jina limechaguliwa vema. Halisemi hopitali ya wazimu, wala halitaji ugonjwa. Linasema kwamba tulizo ni letu, la wote, la mgonjwa na la jamaa yake. Na mji wa Goma umelihitaji kweli kweli: vita vya mwaka 1996 na 1998, moto wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 uliochoma katikati ya mji, moto mwingine wa Mei 2021, vita vya M23 vilivyouteka mji mwaka 2012 na tena katika Januari 2025. Kule Kituku penyewe, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama watu wakiitazama toka pwani, na wengi wakafa karibu kabisa na gati. Waliosimama pwani siku ile wakiita majina ya watu wao, je, usiku wanalala? Maumivu ya namna hii si wazimu. Lakini Guislain alitufundisha kwamba yakiachwa bila tulizo yanaweza kufungua mlango wa ugonjwa.

7. TUSHIKE NINI?

Tulianza kwa kuuliza: Nani aliyefungua minyororo? Sasa tunaweza kujibu. Katika Bicêtre ni mlinzi. Katika Geel ni wakulima. Katika Gent ni Mafrere wasiosoma uganga. Katika Aro, munganga alifaulu kwa sababu wenyeji wa vijiji walifungua milango yao. Po pote munganga alihitajiwa kabisa, lakini alikuta kazi imekwisha kuanzwa na mtu wa kawaida aliyekataa kumwona mgonjwa kama mnyama. Na fasi kazi ilipoanzwa na hofu, kama Mathari, ilihitaji miaka mingi kujirekebisha.

Kutoka hapa tunapata mambo matatu.

La kwanza ni juu ya vyumba vya sala. Watu wanafunga wagonjwa kwa minyororo, wanawanyima chakula na kuita jambo hilo mfungo, wanawapiga na kuita jambo hilo kufukuza pepo. Wengine wanasema kwamba ndiyo mafundisho ya Eklezya. Si kweli. Kitabu cha Ibada cha Roma cha mwaka 1614 kilikwisha kumwonya padri asisadiki upesi kwamba mtu amepagawa, bali apambanue kwanza pepo na ugonjwa. Kitabu kipya, kilichotolewa mwaka 1999, kinataka vile vile kusikia waganga. Na kanuni ya 1172 ya sheria ya Eklezya inakataza mtu ye yote kufukuza pepo kwa ibada kubwa bila ruhusa wazi ya askofu, na askofu aitoe kwa padri mwenye busara tu. Kwa hiyo mkatekista anayeona mtu amefungwa minyororo katika jina la Yezu, asinyamaze. Aende kwa padri wake siku ileile. Tena tusome vizuri Evanjili ya Marko, sura ya 5. Yule mtu wa makaburi, waliomfunga minyororo ni watu wa nchi yake. Yezu hakumfunga.

La pili ni juu ya dawa na sala. Wengine wanasema: Akinywa dawa ameacha imani. Mafrere wa Gent walisali kila siku, na walifanya kazi na Guislain kila siku. Hawakuona vita kati ya mambo haya mawili. Mgonjwa aombewe, apewe sakramenti kadiri anavyoweza kuzipokea, na anywe vidonge vyake. Hatari kubwa inakuja mgonjwa anapopata nafuu. Jamaa inasema: Amepona, tuache dawa, pesa zimekwisha. Baada ya miezi michache ugonjwa unarudi kwa ukali kuliko mbele, na watu wanasema hopitali haina faida. Mkatekista anayekumbusha jamaa siku ya kurudi kwa munganga anafanya kazi kubwa.

La tatu ni juu ya kurudi nyumbani. Hopitali inaweza kumtuliza mtu kwa majuma machache. Haiwezi kumpa mke, shamba, kiti katika kanisa, wala salamu ya asubuhi. Hayo yanatoka kijijini. Wengi wanaotoka Ndera, Bukavu ao Goma wanapotokea nyumbani wanakuta shamba limegawanywa, na watu wanaendelea kuwaita kwa jina la ugonjwa wao. Huyu amefunguliwa mnyororo wa chuma, amefungwa mnyororo wa maneno. Katika Evanjili ileile, mtu aliyeponywa aliomba kumfuata Yezu, lakini Yezu alimwambia arudi kwao, kwa watu wake. Ni kana kwamba uponyaji wake haukutimia mpaka watu wa nyumbani wamemwona amekaa, amevaa nguo, ana akili, nao wamempokea.

Basi, ndugu waseminari, mnaosoma habari hizi na kesho mtapewa parokia: msifikiri kwamba jambo hili ni la Mafrere peke yao, kwa kuwa wana hopitali. Hopitali zetu ni chache, na vijiji ni vingi. Katika kila parokia inatosha kuanza na mambo madogo: kujua ni nani anayeugua, kumtembelea pamoja na mkatekista, kukataza mawe na matusi katika mafundisho ya watoto, kuitafutia jamaa yake nauli ya mashua ao ya gari mpaka hopitali, na kumpokea anaporudi. Mafrere wa mwaka 1815 hawakuwa na zaidi ya hayo waliposhuka katika chumba kile cha giza.